Kunyoa kwa Ajili ya Padri Anselmi

Rafiki zangu,

Mmeniuliza kwa zamu, mmoja kisimani, mwingine baada ya misa, mwingine mlangoni pa darasa langu huku watoto wakinisubiri: ilikuwaje huko Itebero, na mbona nilikawia hivyo? Kila mmoja nilimpa kipande, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya. Basi nitaandika yote kwa utaratibu. Mkifika mahali msipoelewa, msijilaumu, endeleeni kusoma. Mimi mwenyewe nilikuwapo pale, na mara nyingi sikuelewa.

Mambo ya karatasi za ruhusa ya njia nayaruka, kwa kuwa hayana ladha. Mnakumbuka nilitumwa kufanya nini. Padri Anselmi alipokufa, wakubwa wa misheni walitaka misa ya kumaliza matanga iwe na mtu wa kusimulia maisha yake tangu mwanzo. Kwetu hakukuwa na mtu wa namna hiyo. Sisi tulimjua akiwa na mvi tayari, mtu mweusi kama sisi, aliyetoka ng'ambo ya ziwa, padri wa kwanza wa rangi yetu ambaye wengi wetu tuliwahi kumwona. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amemaliza ujana wake wote katika mwitu wa Walikale, akienda kwa miguu toka kanisa dogo moja hadi jingine. Aliyetembea naye miaka ile na ambaye bado yuko hai ni mmoja tu: Papa Kornelio, katekista wa Itebero. Nilitumwa kumpelekea habari ya kifo, kisha kumleta. Nisipomleta, maisha ya mtu aliyetubatiza sisi na watoto wetu yangesimuliwa nusu, tena nusu ya mwisho.

Siku moja kabla ya kuondoka tulinyolewa uani pa kanisa. Kwetu Ngungu, juu kilimani, kila mwenye kumlia marehemu ananyolewa, na siku ile wembe ulimpitia kila mtu. Niliondoka na kichwa kinachong'aa kama yai, na sikukifikiria tena.

Kutoka Ngungu, pamoja na Papa Gaspari

Papa Gaspari, yule mchungaji anayeuza maziwa misheni, alikuwa anakwenda njia ile ile kumtazama ng'ombe wake aliyemwacha kwa shemeji. Nilifurahi kupata mwenzi. Sikujua kwamba ukisafiri na mwenye ng'ombe unasimama kwa kila mwenye ng'ombe. Katika kila boma tuliketishwa, tukapewa maziwa mabivu, yaliyoganda, na kikombe kikiisha kingine kinafuata. Nilipojaribu kukataa, Papa Gaspari alinikanyaga mguu.

"Mwalimu, ukikataa maziwa umemutukana ngombe, na ngombe iko hapa inakuangalia."

Basi nilikunywa. Mvua ilinyesha, barabara ikawa uji, na tumbo langu likawa zito kama pipa. Njiani tulizungumza juu ya marehemu. Nilitaka kuanza kukusanya habari zake mapema, ili nikifika kwa Papa Kornelio nijue la kuuliza.

"Padri alikuwa muntu wa kunyamaza," Papa Gaspari alisema. "Miye nilimupelekea maziwa miaka yote ile, sikusikia hata siku moja anacheka."

"Hata kidogo?"

"Alitabasamu mara moja. Ngombe yangu ilikuwa inakula kofia ya musenyeri, askofu mwenyewe."

Hilo nililikubali, kwa kuwa ndivyo nasi tulivyomjua. Mtu wa kunyamaza, anayetembea kilimani na kitabu chake cha sala, anayejibu kwa kichwa.

Hatukuwa tumefika mbali Papa Gaspari alipoletewa habari kwamba ng'ombe wake anazaa na ndama amekaa vibaya. Alikwisha kugeuka kabla sijamaliza kumpa pole. "Mwalimu, ngombe haingoje muntu," alisema, akapanda njia ya boma la shemeji na kofia yake masikioni. Chini ya kofia ile naye alikuwa amenyolewa kama mimi. Tungefika Kashebere wawili, vichwa viwili vitupu, naamini safari hii ingekuwa na maneno machache sana. Nilifika peke yangu.

Kashebere

Kwa wale wasiowahi kufika, Kashebere ni mahali ambapo baridi yetu inakwisha. Viazi na maharagi yanashuka, mafuta ya mawese na makemba, zile ndizi za kupika, yanapanda, na wote wanaoshuka na wanaopanda wanakula pale barabarani. Nilikaa kwa mama mmoja anayeitwa Mama Veronika, mwenye chungu kikubwa cha sombe, kisamvu chao, chini ya paa la majani.

"Karibu, kaka. Umetoka juu?"

"Nimetoka Ngungu, Mama."

"Na kichwa hiyo?"

"Tumefiwa. Padri Anselmi amekufa."

Mwiko ulisimama katikati ya chungu. "Padri Anselmi wetu? Ule wa kucheka?"

Nilimwambia kwamba wetu hakuwa mtu wa kucheka. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Kaka, Padri Anselmi alikuwa anacheka mpaka mbuzi inakimbia. Alicheka hapa, fasi ile umekaa." Akafuta macho kwa kitambaa, kisha akakitazama tena kichwa changu, kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Na weye njo umenyoa."

"Ndiyo desturi, Mama."

"Iko desturi, ndiyo," alisema polepole. "Uko peke yako? Hauna bandugu?"

"Wamebaki Ngungu."

"Iko wengi?"

"Wengi sana, Mama. Kilima kizima."

Aliweka mkono mdomoni. "Kilima muzima," alirudia, si kwa kuniambia mimi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo siku ile sikulijua, ili msipotee kama mimi. Kwa watu wa mwituni, kunyoa si kwa kila anayelia. Rafiki hanyoi, jirani hanyoi, hata ndugu hanyoi. Anayenyoa ni mtoto wa marehemu peke yake, yule aliyemzaa mwenyewe. Kichwa kitupu kwao ni kama kusema kwa sauti: aliyekufa ndiye aliyenizaa. Nami nilikuwa nimeketi pale barabarani, nikila sombe yenye mawese mengi, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba nimenyolewa kwa ajili ya Padri Anselmi, na kwamba ndugu zangu ni kilima kizima.

Chakula kilikuwa kitamu. Mama Veronika aliniongezea samaki mkavu bila kuombwa, akakataa kabisa kulipwa. Wanawake walikuja wawili wawili kunipa pole, wakinitazama usoni kuliko ilivyo adabu. Mzee mmoja alinishika sikio, akaligeuza kwenye mwanga, akawaambia wenzake, "Sikio iko yake."

Nilidhani ni namna yao ya kusalimu. Nami nilimshika lake.

Kizuizi cha mvua

Toka Kashebere nilipata nafasi katika lori lililoshuka na maharagi. Niliomba kukaa juu ya magunia pamoja na wengine, lakini dereva, Papa Zakaria, mtu mnene aliyetoka upande wa mto mkubwa, alinifungulia mlango wa mbele.

"Wewe hapa, karibu na miye. Na pole kwa msiba."

Hatukwenda mbali. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnajua sheria ya barabara: baada ya mvua gogo linashushwa, na lori halipiti mpaka udongo ukauke. Mwenye kulinda gogo alikuwa ameketi juu yake akivuta kiko. Tulimwomba, akatikisa kichwa. Papa Zakaria alimtukana kwa Kilingala, akatikisa kichwa vilevile. Baiskeli tu ndizo ziliruhusiwa, na moja ilitupita ikielekea Walikale. Mwenye baiskeli alisimama kidogo, akauliza habari kwa abiria wa juu, akanichungulia dirishani, kisha akakanyaga kwa nguvu kama mtu mwenye kitu cha moto mfukoni.

Tulikoka moto kando ya barabara, tukachoma makemba. Papa Zakaria aliniambia kwamba alimjua Padri Anselmi vizuri. Alikuwa mkali, alisema, wa kupaza sauti. Alikwenda mpaka machimboni kumkemea msimamizi aliyewazuia wafanyakazi kupumzika siku ya Mungu.

"Alipaza sauti?" niliuliza. "Padri Anselmi?"

"Sana. Hakupaza sauti kwenu nyumbani?"

"Nyumbani gani?"

Aligeuza ndizi yake motoni. "Mwalimu, usiogope. Miye sikuhukumu. Padri iko muntu."

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna kitu kinapita juu ya kichwa changu. Nilimwomba aseme wazi, akasema wazi: kwamba mimi ni mtoto wa Padri, kwamba Kashebere yote inajua, na kwamba hakuna aliyekasirika, ila wanajiuliza mama ni nani.

Nilicheka. Halafu niliona kwamba mimi peke yangu ndiye ninayecheka. Nikaanza kueleza.

Ninyi mnanijua, kueleza ni kazi yangu, na ninaamini hakuna kitu kisichoeleweka kikielezwa taratibu. Nilieleza desturi yetu ya wembe toka mwanzo hadi mwisho. Abiria wote walishuka kunisikiliza, wakiitikia kwa adabu.

"Kwa hiyo Padri hakuwa na mtoto," nilimaliza.

"Mutoto muzuri njo anasema vile," alisema Papa Zakaria, na wengine wakakubali kwamba nimelelewa vizuri.

Mama mmoja mwenye kikapu cha uyoga aliniuliza kwa sauti ya huruma kama mama yangu bado anaishi. Nilisema anaishi, yuko Ngungu, analima maharagi.

"Munasikia?" aliwaambia wenzake. "Mama yake iko Ngungu."

"Njo maana Padri alihamia kule," mwingine alijibu, na jambo hilo likawa limekwisha kwao.

Niliacha kula. Padri Anselmi aliishi na nadhiri yake miaka yote ile, na mimi, niliyetumwa kumtafutia msimulizi wa uaminifu wake, nilikuwa ninamvunjia jina barabara nzima, kwa kichwa changu tu. Niliomba kuazima kofia, lakini hakuna aliyekuwa na ya ziada. Na baiskeli ile ilikuwa mbele yetu.

Kutoka Walikale mpaka Itebero

Habari inayokwenda kwa baiskeli haisubiri gogo. Walikale nilipokewa kama mtoto wa Padri kabla sijasema jina langu. Nilipewa kitanda kizuri, nyama ya nguruwe wa mwitu, na mashauri mengi juu ya namna ya kuishi bila baba. Nilijaribu kueleza mara moja, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kila nilipokana walinipenda zaidi.

Toka hapo nilipanda kipande kwa lori la mawese na kipande kirefu nilikwenda kwa miguu. Mwitu wa kule si kama miti yetu ya kilimani. Huoni mbele, na joto linakaa juu yako kama blanketi lililolowa. Waliokutana nami walinipisha njia kwa heshima na kuniangalia mgongoni. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwafikiria Padri Anselmi wote niliokwisha kupewa: wa kunyamaza, wa kucheka, wa kukemea. Nilianza kujiuliza tumemzika nani.

Itebero

Kanisa la Itebero ni la udongo na majani, safi, limefagiliwa. Nilikuta mlango wake umefungwa kwa kamba ya mwitu, fundo juu ya fundo.

Nyumba ya katekista iko karibu. Papa Kornelio alikuwa nyuma yake, mzee mwembamba, akisuka mtego wa samaki. Hakugeuka. Mke wake, Mama Tereza, ndiye aliyenipa kigoda na maji, lakini mkono hakunipa.

"Habari ilifika," alisema. "Baiskeli ilipita."

"Mama, mimi si mtoto wa Padri."

"Kunywa maji kwanza."

Nilikunywa. Kisha akanieleza, bila hasira, jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kutoka Ngungu. Walipokuwa vijana yeye na mume wake hawakupata mtoto. Ukoo ulimtafutia Kornelio mke wa pili, msichana akaletwa mpaka mlangoni. Kornelio alikimbilia kwa Padri Anselmi, aliyekuwa bado kijana mwenzake, akamwambia kwamba mtu asiye na mtoto hana wa kumnyolea, anakufa kama mnyama. Padri alimjibu: "Mimi pia sitaacha mtoto. Tutakuwa wawili. Siku ukiona mtoto wangu, wewe oa." Walicheka wote wawili, na Kornelio akamrudisha yule msichana kwao.

"Tangu siku ile banamwita muti mukavu," alisema Mama Tereza. "Kwa kila sikukuu, kwa kila pombe. Alivumilia kwa sababu walikuwa wawili. Sasa baiskeli inakuja, inasema Padri iko na mutoto. Alifunga kanisa. Hajalia. Nilimuuliza, akasema, 'Nitamulia nani?'"

Nilitazama mgongo wa yule mzee. Mikono yake haikuacha kusuka.

Wakafika wanaume wa ukoo, wakiongozwa na mdogo wake Papa Kornelio, Papa Benwa, mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Mutoto wa Padri, karibu sana," alisema. "Kaka yetu huyu alitudanganya miaka yote, kumbe naye alidanganywa. Weye umetusaidia. Tutakuchinjia mbuzi."

Nilisimama. Nilieleza kama ninavyoeleza hesabu ya kugawanya kwa watoto wapya, hatua kwa hatua, nikirudia pale ambapo uso wa mtu umefunga. Niliona wanaanza kuelewa, nikatiwa moyo, nikatoa ushahidi wangu wa nguvu.

"Baba yangu anaitwa Ludoviko. Ni mkulima wa Ngungu. Yuko hai, mzima wa afya."

Wanawake waliokuwa karibu nami walirudi nyuma. Mmoja alimvuta mtoto wake.

"Baba yako iko muzima," alisema Papa Benwa, sauti yake ikashuka, "na weye umenyoa?"

Hapo tena niwaeleze, maana mimi ilinibidi kuelezwa. Kwao, mtu mwenye baba hai akinyoa nywele za matanga amemzika baba yake akiwa anapumua. Amemwitia kifo. Hakuna kosa la mtoto kubwa kuliko hilo.

"Chagua, Mwalimu," alisema Papa Benwa. "Ao weye njo mutoto wa Padri, ao weye njo muntu mwenye kuua baba yake. Ya tatu haiko."

Nikisema ndiyo kwa la kwanza, ninamharibu Padri na mzee yule pamoja naye. Nikisema ndiyo kwa la pili, sijui kama nitatoka Itebero. Na kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa limekwisha kunizamisha.

Ni Mama Tereza aliyeuliza, akiwa bado ameketi.

"Baba yako alisema nini siku aliona kichwa hiyo?"

"Hakusema kitu, Mama. Yeye ndiye aliyeninyoa. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari, alipokwisha kunyolewa alichukua wembe akaninyoa mimi."

"Baba yako naye alinyoa?"

"Ndiyo."

"Juu ya Padri?"

"Juu ya Padri. Na mama yake alinyoa pia, bibi yangu. Alilia sana, tulimshika mikono."

Mama Tereza aliinamisha uso. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia. "Bibi," alisema, "na mutoto wake, na mujukuu wake. Wote watatu batoto wa Padri mumoja. Benwa, weye unajua kuhesabu. Hesabu hiyo kwanza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, kisha wakacheka wengi. Papa Benwa alifungua mdomo, akaanza kuhesabu kwa vidole kweli, akaacha.

Papa Kornelio aliweka mtego chini. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza niliuona uso wake.

"Nani mwingine?" aliuliza.

"Mwingine nini, Papa?"

"Mwenye kunyoa. Taja."

Nilitaja. Nilimtaja Papa Gaspari mwenye ng'ombe na wanawe. Niliwataja akina mama wa kuimba, walimu wenzangu, mpishi wa misheni, mafundi wa matofali. Nilimtaja mwenye duka ambaye si wa dini yetu na ambaye alisimama kando kwanza, kisha akaja. Niliwataja ninyi, rafiki zangu, kilima kwa kilima, nyumba kwa nyumba. Mzee alifumba macho kama anayesikiliza litania, na kila jina alilijibu kwa kichwa. Sikumbuki ni kwa jina la nani alianza kulia. Nilitaka kuacha, akanipungia mkono niendelee.

Nilipomaliza alisema, "Wembe iko wapi?"

"Kaka, usifanye," alisema Papa Benwa, na safari hii hakuwa anadhihaki. "Baba yetu tulimunyolea zamani. Ukinyoa leo, batu banasema hauko wa nyumba yetu. Banasema Padri njo alikuzaa."

"Miaka yote banasema miye muti mukavu," alijibu Papa Kornelio. "Wacha baseme na hii."

Mama Tereza alimnyoa palepale, mbele ya mlango wa kanisa, kwa maji na majivu. Wanaume wa ukoo walitazama, na Papa Benwa ndiye aliyeshika bakuli. Kisha mzee alifungua mafundo ya kamba moja moja kwa vidole vyake, hakutaka panga, akaingia. Tulimsikia akianza sala za marehemu kwa sauti kavu, na watu wakaingia nyuma yake. Mbuzi alichinjwa vilevile. Hakuna aliyesema ni wa nini.

Jioni ile nilimwuliza lile lililokuwa linanisumbua tangu Kashebere: Padri Anselmi alikuwa mtu wa kunyamaza, au wa kucheka, au wa kukemea?

Alifikiri. "Alikuwa mwenye kuogopa maji," alisema. "Kila mto nilimubeba mgongoni."

Nalo nililiweka pamoja na mengine.

Kurudi

Papa Kornelio hakuwa amepanda lori maisha yake yote. Aliketi juu ya magunia ya mchele ameshika kamba kwa mikono miwili, akitazama miti inavyorudi nyuma, akiuliza kama kitu hicho kinaweza kusimamishwa na mtu mmoja. Nilimtia moyo. Nilimweleza jinsi breki zinavyofanya kazi, kadiri ninavyojua, akawa na hofu zaidi. Aliyoyasema kwenye misa mliyasikia wenyewe, kwa hiyo siyarudii. Naandika hili la mwisho tu, kwa kuwa mmoja wenu ameniuliza kama ni kweli kwamba bado kuna maneno barabarani.

Juu ya magunia tulikuwa na mama mmoja aliyepanda njiani, mwenye kuku ndani ya kikapu. Alikitazama kichwa cha mzee. Alikitazama changu. Alirudi kwa cha mzee.

"Mulifiwa?"

"Tulifiwa, mwanangu," alijibu Papa Kornelio.

"Poleni sana. Na nani?"

"Na baba."

"Baba yenu wote wawili?"

"Yetu wote wawili."

Yule mama alitupima kwa macho, mimi kijana na mzee asiye na jino la mbele. "Alikuwa muzee sana, basi."

"Hapana sana," alisema Papa Kornelio. "Alikuwa mudogo wangu kidogo."

Lori lilipanda kilima, likashuka, na yule mama bado alikuwa anafikiri. Kisha, taratibu, bila kututukana, alichukua kikapu cha kuku wake akakihamishia upande wa pili.

Nilifungua mdomo nimweleze, toka mwanzo, kwa utaratibu. Papa Kornelio aliniwekea mkono gotini.

"Muache," alisema.